Walinijengea kibanda cha ukoma kwa sababu ya utangotango

Wakuu, nawasalimu wote humu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Elimu yangu ni darasa la saba, natumia kidole kimoja kuandika, na tangu ujana ni mtu wa aibu. Kwa hiyo mnivumilie. Nitakachosimulia kilinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wajukuu wa wahusika wapo na wengine wanasoma humu.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa juzi. Mama mmoja aliweka picha ya mkono wa mtoto wake wenye mabaka, akaomba ushauri.

Nikasoma comment mpaka nikachoka. Mmoja kasema ni fangasi. Mwingine mbalanga. Mwingine kasema mtoto karogwa na shangazi yake. Yuko aliyemwambia apake dawa ya meno na chumvi, na huyo ndiye aliyepata likes kuliko wote. Mtu mmoja tu alimwambia ampeleke kwa daktari wa ngozi, naye akachekwa. Eti daktari wa ngozi wa nini, ngozi si inaonekana?

Hayo maneno niliyasikia nikiwa na miaka kumi na tisa, kutoka kwa mtu aliyekaribia kuniharibia maisha. Ndiyo maana leo naandika.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, wakati mkoa wetu bado unaitwa Ziwa Magharibi. Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Izigo, Muleba. Baba alikuwa amefariki. Nilibaki na mama, Ma Anastazia, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa.

Siku kadhaa za wiki tulishuka kulima shamba la kijiji kwenye rweya, yaani ule uwanda wa nyasi ambako migomba haikubali na hakuna mtu wa heshima anayejenga. Tulilima pamoja, tulipumzika pamoja, tulikunywa kibuyu kimoja. Kila mtu alikuwa ndugu. Hata mimi niliyekuwa siongei nilikuwa Ndugu Deo.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliitwa Ta Laurenti. Kwa wasio wa kwetu, mwanaume mtu mzima tunamwita Ta na mwanamke Ma.

Ta Laurenti alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hospitali moja ya misheni. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka. Sidharau kufua mashuka, wagonjwa wanahitaji mashuka safi. Ila yeye aliondoka kijijini mfuaji, akarudi daktari. Na katika udaktari wote alichagua ngozi. Alikuwa na hoja yake. Tumbo limejificha, kifua kimejificha, huko kunahitaji mashine. Lakini ngozi si inaonekana? Na mtu aliyeona mashuka ya wagonjwa wote ameshaona magonjwa yote.

Watu walimwamini. Alikuwa na sauti nzito na kalamu mfukoni.

Siku moja tukiwa shambani jua lilikuwa kali, nikavua shati. Nikasikia majembe yanaacha kulia nyuma yangu, moja baada ya jingine.

"Deo, hebu geuka," akasema Ta Laurenti. "Sasa geuka tena. Ndugu zangu, mnaona?"

Mgongo wangu ulikuwa na mabaka meupe meupe, mengine madogo kama punje ya kahawa, mengine yameungana. Yalikuwa yameshuka hadi mabegani. Mimi mwenyewe sikuwa na habari. Nani ana macho mgongoni?

"Umeanza kuyapata lini?"

"Sijui, Ta."

"Hajui," akawaambia wenzangu. "Mgonjwa wa huu ugonjwa huwa hajui. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza."

Kisha akautaja ugonjwa wenyewe kwa Kihaya, polepole, kama padri anayesoma majina ya marehemu. Ukoma.

Angalieni wakuu alivyonipima. Alinyoosha mpini wa jembe, akanionyeshea mabaka kwa mbali. Hakunigusa. Hakuniuliza kama nawashwa, kama nasikia maumivu, wala chochote. Alitazama akamaliza.

Kuanzia siku hiyo kibuyu kikaanza kuniruka. Ndani yake mlikuwa na omuramba, yaani juisi ya ndizi mbivu, na kila aliyekunywa alimpa wa pembeni yake. Kikifika kwangu kilipita juu ya kichwa. Mimi nikaletewa kopo la samli lenye kutu, wakanifungia kitambaa chekundu kwenye mpini wa jembe ili asije mtu akalishika kwa bahati mbaya. Kanisani benchi langu likawa na nafasi kubwa, ningeweza kulala.

Undugu wetu ulikuwa imara sana, ila haukuweza kuvuka mgongo wangu.

Sasa mje kwenye tiba, maana Ta Laurenti hakuwa mtu wa kuacha mgonjwa. Alivunja betri za redio zilizokwisha, akatoa ule unga mweusi wa ndani, akachanganya na mafuta ya taa. Akamwamuru mama anipake kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, halafu nikae juani.

Nilipiga kelele, na mimi si mtu wa kupiga kelele. Mgongo uliwaka.

"Vumilia," akasema Ta Laurenti akiwa amesimama mbali. "Ugonjwa unatoka."

Tulifanya hivyo mara tatu. Ngozi ikachubuka, ikatoa maji, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Yeye akaja kutazama akatikisa kichwa. "Mnaona unavyokimbia? Ni ule mkali."

Naomba mtu anayejua kidogo kuhusu ukoma acheke hapa, mimi nilikuwa sijui. Ukoma unaua hisia za ngozi. Baka la ukoma ukilichoma, mwenye nalo hasikii. Mimi nilikuwa nalia hadi majirani wanasikia, na daktari wetu akazidi kuwa na uhakika.

Ndipo kikaitwa kikao. Wakasema kwa usalama wa kijiji nitolewe kwenye kibanja, nijengewe kibanda peke yangu kule rweya. Mama angeniletea chakula aniwekee kwenye jiwe. Kibanja chetu kingebaki na mama, na yeye akifariki kingekosa mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekuwa mrithi.

Mimi nilikaa pale kwenye kikao nikitazama vidole vya miguu. Hiyo aibu yangu nimeichukia maisha yote.

Aliyesimama ni mama. "Nyie mmemtazama kwa macho," akasema. "Huko Bukoba yuko mtu wa serikali wa kazi hii. Mimi nitamfuata. Akisema ni ukoma, nitambebea Deo godoro mwenyewe."

Ta Laurenti akacheka. "Aje tu, Ma Anastazia. Aje athibitishe."

Mama alitembea hadi zahanati, akapewa siku ambayo huyo mtaalamu angepita upande wetu. Na kijiji hakikumsubiri. Walianza kukata miti ya kibanda kesho yake. Kuta zilikuwa zimeshasimama, hukumu ilikuwa tayari, bado ushahidi.

Nisitishe hapo nimtaje mtu mwingine, Ta Kamugisha.

Huyu alikuwa mkanyaga ndizi wetu. Wahaya wenzangu mnajua, wengine niwaeleze. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, huanza kwa kukanyaga ndizi mbivu kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, zikichanganywa na majani makavu ili juisi itoke. Yale majani yana makali. Mkanyagaji wa kawaida anatoka na mikwaruzo, na mwenye nyufa kwenye nyayo utomvu unamwonyesha nyota mchana.

Ta Kamugisha hakuonyeshwa chochote. Alikanyaga ya harusi, ya matanga, ya sikukuu, akitoka anacheka. Watu walimsifu kwamba ana miguu ya chuma. Kaa la moto alilishika akawashia kiko chake. Vijana tulijaribu kumwiga tukaungua.

Nilikuwa namsaidia kukanyaga, na nilipenda kazi ile kwa sababu haihitaji maneno. Baada ya habari ya mgongo wangu nilikwenda siku moja akanisimamisha kabla sijakaribia. "Rudi, mwanangu. Usinikanyagie pombe ya watu."

Sikumlaumu. Kila mtu alisema hivyo.

Siku ya mtaalamu ikafika. Alikuja na pikipiki, mtu mfupi aitwaye Bwana Shabani, Mswahili wa Bukoba mjini mwenye nyumba yake Nyanga, ambaye babu zake walitoka pwani. Mganga wa ukoma na magonjwa ya ngozi. Alikuwa na mkoba wa turubai na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

Kijiji kizima kilikusanyika ofisi ya kijiji. Ta Laurenti alitangulia mbele na kalamu yake mfukoni, akamweleza ugonjwa wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Umemaliza?" akauliza Bwana Shabani.

"Nimemaliza, mtaalamu mwenzangu."

"Vizuri. Sasa kaa."

Akanawa mikono. Akanivua shati yeye mwenyewe, akaweka viganja vyote viwili mgongoni kwangu, vidonda na yote. Wakuu, nilikuwa na miezi sijaguswa na mtu isipokuwa mama. Nilitetemeka, akadhani nasikia baridi.

Akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Yanawasha? Kidogo, nikitoka jasho. Nani mwingine nyumbani anayo? Hakuna. Hivi vidonda vimeanza vyenyewe au mmepaka kitu? Hapo alijibu mama. Bwana Shabani alimgeukia Ta Laurenti, akamtazama.

Kisha akasokota pamba mpaka ikawa na ncha nyembamba kama uzi.

"Funga macho. Nikikugusa sema hapo. Nisipokugusa nyamaza."

Hapo. Hapo. Nikanyamaza. Hapo. Alinigusa juu ya mabaka na nje ya mabaka, mgongoni, mabegani, mikononi. Watu walikuwa wamejazana dirishani.

"Anakisia," akasema Ta Laurenti.

"Basi njoo na wewe ufunge macho, mzee," akasema Bwana Shabani, "tuone kama utakisia."

Watu wakacheka. Mzee hakuja.

Mwisho mtaalamu alichukua baka moja ambalo halikuungua, akalikwangua kwa ukingo wa kioo kidogo. Ukadondoka unga mweupe, mwembamba, akawaonyesha watu dirishani.

"Huu ni utangotango," akasema. "Fangasi wa jasho. Vijana wa rweya nzima wanao, vueni mashati mtaona. Ukoma haupukutiki hivi, na mwenye ukoma hasemi hapo."

Akanipa mafuta ya kupaka. Akanionya kitu ambacho nakumbuka hadi leo: fangasi atakufa mapema lakini rangi ya ngozi itachelewa kurudi, kwa hiyo nisije nikaona bado nina mabaka nikarudi kwenye betri. Ilikuwa hivyo hivyo. Miezi ikapita, rangi ikarudi. Makovu niliyo nayo mgongoni hadi leo si ya utangotango. Ni ya Ta Laurenti.

Mama alikaa chini sakafuni akajifunika uso kwa kanga.

Ningemalizia hapo ningeonekana mshindi, na nyie mngenipa likes. Sikilizeni kilichofuata.

Mgeni kwetu haondoki bila kutafuna kahawa na kula. Nje ya ofisi Ta Kamugisha alikuwa anachoma ndizi za gonja. Bwana Shabani akakaa kwenye kigoda, anatafuna kahawa yake, mara akaacha kutafuna.

Ta Kamugisha alikuwa ameingiza mkono kwenye makaa akatoa ndizi, akaipangusa majivu kwa vidole, taratibu, kama anapangusa vumbi kwenye kitabu.

"Mzee, haikuchomi hiyo?"

Watu wakaangua kicheko cha kujivuna. "Huyo hachomeki, bwana. Huyo ndiye mkanyagaji wetu."

"Tangu lini huchomeki?"

"Miaka, waitu," akasema Ta Kamugisha kwa heshima ya Kihaya, akitabasamu. "Mungu kanijalia."

Bwana Shabani akatua kahawa. Akaomba kuona ule mkono. Kidole kidogo na cha pembeni yake vilikuwa vimekunjamana, havinyooki. Sisi tulidhani ni uzee. Akampapasa nyuma ya kiwiko, akakuta mshipa wa fahamu umevimba kama kamba. Akamwomba ainue mguu. Kwenye unyayo mlikuwa na kidonda kirefu, na ndani yake kipande cha mti ambacho mwenyewe hakujua kipo.

Akamfungisha macho. Akachukua pamba ile ile.

Ta Kamugisha hakusema hapo hata mara moja. Alingoja amekunja uso, anasikiliza kwa bidii, kama mtoto anayetaka kufaulu mtihani. Pamba ilipita vidoleni, kwenye viganja, kwenye nyayo. "Anza basi, bwana," akasema.

Walipoingia ndani peke yao mtaalamu akaona na baka lenyewe. Lilikuwa pajani, limefifia, kavu. Lilikaa pale miaka yote na hakuna aliyeliona, kwa sababu kijana mnyonge anaamriwa geuka na sasa geuka tena, lakini nani angemwamuru mtu wa heshima avue?

Waliporudi nje Bwana Shabani alitueleza kwa ufupi. Alisema Ta Kamugisha mwenyewe amekubali tuelezwe. Ni ukoma. Una vidonge. Akivimeza hatamwambukiza mtu, na hata bila hivyo miili ya watu wengi inaushinda. Avae viatu, aache makaa, aache kukanyaga ili nyayo zipone. Akae nyumbani kwake, ale na watu wake.

Watu walikuwa wanahesabu vichwani harusi walizokunywa. Niliona wengine wanatema mate.

Halafu Ta Laurenti, ambaye nusu saa kabla alikuwa ameumbuka mbele ya kijiji, akasema, "Basi kibanda hakikupotea bure."

"Kibanda wekeni mbuzi," akasema Bwana Shabani.

Ta Kamugisha hakumsikiliza yeyote kati yao. Alikuwa ananitafuta mimi. Akaja hadi niliposimama na mama.

"Deo, mwanangu," akasema kwa Kihaya. "Kumbe ni mimi."

Akaninyooshea mkono.

Wakuu, nilikuwa nimetoka kusikia maelezo yote kwa masikio yangu. Nilikuwa na miezi ya kopo la kutu na kibuyu kinachoniruka. Kama yuko mtu pale aliyejua ni nini kunyimwa mkono, ni mimi.

Nikaweka mikono yote miwili nyuma.

Ta Kamugisha aliendelea kuushikilia ule mkono hewani, labda alidhani sijauona. Bwana Shabani akaja, akaupokea yeye kwa mikono yake miwili, akatulia nao. Alikuwa hapimi kitu. Kisha akanitazama.

"Wewe nilikugusa mgongo mzima," akasema, "kabla sijajua una nini."

Akawasha pikipiki akaenda.

Hakuna kikao kilichomhamisha Ta Kamugisha. Hakuna aliyetoa amri. Ila kibuyu kilianza kumruka, na kahawa ya mwaka ule ilipoiva alikwenda mwenyewe akamalizia kuezeka kile kibanda nilichojengewa mimi. Vidonge alimeza miaka kadhaa bila kukosa, akiletewa na Bwana Shabani hadi mlangoni. Akaandikiwa kwamba amepona. Hakupanda tena kijijini.

Funzo langu si refu. Ngozi inaonekana kwa kila mtu, na ndiyo maana kila mpuuzi anajiona daktari wake. Anayejua hiyo kazi anagusa, anauliza, anakwangua, anangoja jibu lako, ndipo anasema. Ukiona mtu katoa jina la ugonjwa wako kwa kutazama picha au kwa kunyoosha mpini wa jembe, ni mfua mashuka huyo, hata awe na likes elfu. Nenda hospitali, vua nguo, ushikwe na mwenye kazi yake.

Nimewadharau watu wengi humu ndani na Ta Laurenti nimemvua nguo kabisa. Anastahili. Lakini yeye alikuwa hajui, mimi nilikuwa nimeshaambiwa.

Wenye uzoefu wa maradhi ya ngozi karibuni, na wataalamu wa kweli mkiona nimekosea nirekebisheni, nitasoma yote ingawa nitajibu polepole. Na kama yuko humu aliyewahi kuficha mikono kama mimi, aeleze alifanya nini baadaye. Mimi nilikuwa namsalimia Ta Kamugisha nikiwa njiani, kwa sauti, bila kumfikia, mpaka alipofariki.